Somo la Mifugo: Sindano Moja, Miili Tofauti

Dozi ya zailazini inayomfanya farasi ainamishe kichwa na kusinzia akiwa amesimama, ikidungwa ng'ombe mwenye uzito huohuo, humwangusha chini na huenda asiinuke tena. Tofauti hiyo si ndogo. Ng'ombe huhitaji takriban sehemu moja tu ya kumi ya kiasi anachohitaji farasi, na mbuzi huzidiwa upesi hata kumshinda ng'ombe. Nguruwe naye huvumilia kuliko wote hao. Chupa ni ileile na dawa ni ileile; kinachobadilika ni mwili unaoipokea.

Hapa Kilifi jambo hili lina uzito wake. Katika boma moja la Ganze, Magarini au Kaloleni si ajabu kukuta ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na mbwa, na wote hao huenda wakahudumiwa na mtu mmoja mwenye mkoba mmoja. Familia yenye punda mmoja wa kuteka maji ikimpoteza siku ya kuhasiwa, kesho yake ni akina mama na watoto wanaobeba mitungi kichwani. Mwanambuzi anayekufa wakati wa kuchomwa pembe ni sehemu ya karo iliyopotea. Kwa hivyo somo la toleo hili linahusu dawa zinazotumiwa kuwatuliza na kuwalaza wanyama: utafiti umeonyesha zinafanya nini mwilini, na mwenye mnyama ajue nini kabla sindano haijaingia.

Kutulia si kulala, na kulala si kukosa maumivu

Dawa hizi ziko za aina tatu, na wengi huzichanganya. Dawa ya kutuliza humpunguzia mnyama hofu na kumfanya asinzie, lakini bado yumo duniani. Akiguswa ghafla anaweza kuruka na kupiga teke. Nusukaputi humpoteza fahamu kabisa. Dawa ya ganzi, kama lignokaini, haigusi fahamu; hufa ganzi sehemu iliyodungwa tu, mnyama akiwa macho na amesimama.

Mnyama aliyelala kimya machoni pa watu huonekana hasikii kitu, na hapo ndipo kosa la zamani lilipoanzia. Katika miaka ya 1950, watafiti waliotaka kuwakamata wanyamapori wa Afrika Mashariki kwa sindano za kurushwa walianza na dawa za kupoozesha misuli. Mnyama alianguka, lakini akili yake ilikuwa macho na aliyahisi yote aliyofanyiwa. Mbaya zaidi, kati ya kiasi cha kumwangusha na kiasi cha kumuua palikuwa na pengo jembamba sana, kwa sababu misuli ya kupumulia nayo ilipooza. Kukosea uzito wa mnyama kidogo tu kulitosha kumuua.

Mmoja wa waliohangaika na tatizo hilo ni Antonie Harthoorn, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Uganda na Kenya. Wapenzi wa filamu za zamani wanamjua bila kujua kwamba wanamjua: mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Daktari, ulioonyeshwa kati ya 1966 na 1969, ulitokana na kazi yake na mkewe Sue. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipatikana dawa mpya kutoka Uingereza, etorfini, iliyopewa jina la maabara M99. Hii ni jamaa ya mofini, ila nguvu zake zinazidi za mofini zaidi ya mara 1,000. Mwaka 1965, J. M. King na B. H. Carter walichapisha katika East African Wildlife Journal matokeo ya kuitumia kwa faru weusi, pamoja na dawa ya kuipindua ili faru aamke baada ya kazi. Jambo hilo la mwisho ndilo lililobadilisha mambo. Dawa inayoweza kupinduliwa humpa daktari nafasi ya kurudi nyuma, nafasi ambayo dawa za kupoozesha hazikuitoa.

Mpaka leo, faru mzima wa kilo 1,000 hulazwa kwa miligramu chache tu za etorfini, kiasi ambacho ukikimwaga kwenye ukucha wa kidole gumba hakiujazi. Lakini dawa hiyo ina gharama zake mwilini. Hupunguza kasi ya kupumua, oksijeni katika damu hushuka, na mnyama aliyefukuzwa kwa gari au helikopta kabla ya kuanguka huwa na joto kali na misuli iliyochoka kiasi cha kuharibika. Ndiyo maana timu za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, zikimlaza mnyama huko Tsavo huonekana zikimwagia maji, kumfunga kitambaa machoni na kuhesabu pumzi zake. Hizo si mbwembwe za kupigiwa picha.

Kuna somo dogo hapo kuhusu namna ya kumlaza. Ndovu akianguka kifudifudi, akikalia kifua, uzito wake huyabana mapafu na anaweza kukosa hewa katika muda mfupi. Ni lazima asukumwe alale ubavu. Ng'ombe ni kinyume chake kabisa. Akilala ubavu, tumbo lake kubwa hujaa gesi isiyopata njia ya kutokea, na tumbo hilo hubana mapafu. Yeye hutakiwa akalie kifua, akisaidiwa kwa magunia ya mchanga au majani. Mtu aliyezoea mnyama mmoja akimtendea mwingine kwa mazoea hayo atamuua kwa nia njema.

Zailazini ndani ya anayecheua

Dawa ya kutuliza inayotumiwa sana kwa mifugo ni zailazini. Iligunduliwa Ujerumani mwaka 1962, ikitafutwa kuwa dawa ya shinikizo la damu kwa binadamu. Kwa watu ilishusha shinikizo kupita kiasi na kuwalewesha usingizi, ikaachwa. Kwa wanyama usingizi huo ndio uliotakiwa.

Zailazini hupunguza kemikali inayouweka ubongo macho, na kwa hivyo mnyama husinzia, misuli hulegea na maumivu hupungua. Hata hivyo haichagui mahali pa kufanyia kazi. Moyo huenda polepole. Pumzi hupungua. Matumbo husimama, na kwa mnyama anayecheua, tumbo likisimama gesi hukusanyika. Mate yanaendelea kutoka, na ng'ombe hutoa makumi ya lita za mate kwa siku, lakini uwezo wa kumeza umelegea. Mate hayo, au chakula kinachopanda kutoka tumboni, yakiingia kwenye njia ya hewa, mnyama hupata homa ya mapafu siku chache baadaye, wakati daktari ameshaondoka na hakuna anayeihusisha na ile sindano.

Ndiyo sababu ya agizo la kumfungisha mnyama chakula. Kwa ng'ombe mzima anayepangiwa kulazwa, kwa kawaida ni saa 18 hadi 24 bila malisho. Mbuzi na kondoo ni saa 12 hadi 18. Ndama na wanambuzi wanaonyonya hawafungishwi, kwa kuwa sukari ya damu yao hushuka haraka. Wafugaji wengi huliona agizo hili kama usumbufu, na wengine humpa mnyama majani asubuhi kwa huruma. Huruma hiyo ni hatari. Akishalazwa, kichwa chake kilazwe namna ambayo pua iko chini kuliko koo, ili mate yatiririke nje.

Zipo athari nyingine zisizoonekana kwa macho. Zailazini hupunguza insulini, sukari ya damu hupanda, na mnyama hukojoa sana kwa saa kadhaa. Kwa wengi haidhuru. Lakini beberu au maksai aliyezibwa na vijiwe njia ya mkojo, ugonjwa unaojulikana kwa mbuzi dume, akidungwa zailazini ili achunguzwe, kibofu kilichojaa huongezewa mkojo usio na pa kutokea, na kinaweza kupasuka. Dawa hiyo pia huufanya mfuko wa uzazi ujikaze, hivyo ng'ombe au mbuzi mwenye mimba changa au aliyekaribia kuzaa asidungwe bila daktari kuambiwa. Kwa kondoo, utafiti umeonyesha jambo jingine: mapafu yake yanaweza kuvuja maji ndani kwa ndani dakika chache baada ya sindano ya mshipani, na oksijeni ikashuka vibaya hata kama dozi ilikuwa sahihi kwenye karatasi.

Hata ndani ya ng'ombe wenyewe kuna tofauti. Ng'ombe wa aina ya Brahman, wale wenye nundu, wameonekana kuzidiwa na zailazini upesi kuliko Hereford, na Hereford kuliko Holstein. Zebu wa Pwani ni wa ukoo huo wa nundu. Kwa hivyo kiasi kilichozoeleka kwa ng'ombe wa maziwa wa bara kisichukuliwe kama kilivyo kikapelekwa kwa fahali wa Magarini.

Kisha liko joto letu. Mnyama aliyetulizwa hupoteza uwezo wa kujirekebisha joto. Ng'ombe aliyedungwa saa sita mchana mwezi wa Februari, akiachwa juani, joto lake hupanda hata bila homa. Kazi ya aina hii ifanywe alfajiri au asubuhi mapema, chini ya mwembe au mkorosho, na kivuli kihesabiwe kwa saa zote atakazolala, maana jua husogea na mnyama hasogei.

La mwisho kuhusu zailazini linahusu dawa ya kupe, na mara nyingi husahaulika. Amitrazi, inayotumiwa sana kuogeshea ng'ombe na mbuzi dhidi ya kupe, hufanya kazi mwilini kupitia mlango uleule ambao zailazini hupitia. Mnyama aliyemeza au kufyonza amitrazi nyingi huonyesha dalili zilezile: husinzia, moyo hupungua kasi, tumbo husimama. Ukiongeza zailazini juu yake umeongeza mzigo juu ya mzigo. Mwambie daktari siku mnyama alipoogeshwa na kwa dawa gani. Kama hujui jina, mwonyeshe chupa. Na kwa kuwa tumeitaja, farasi na jamaa zake huumwa tumbo vibaya na amitrazi, hivyo dawa ya josho la ng'ombe isimwagwe mgongoni mwa punda.

Zailazini nayo ina dawa za kuipindua, zikiwemo yohimbini na atipamezoli. Si kila mkoba unazo. Ni swali halali kabisa kwa mwenye mnyama kuuliza kabla ya kazi kuanza: "Daktari, akizidiwa, una ya kumwamshia?"

Punda si farasi mdogo

Vitabu vingi vya nusukaputi viliandikwa kwa ajili ya farasi, na kwa miaka mingi punda alipewa hesabu ya farasi. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, akiwemo Nora Matthews, walipima ketamini katika damu ya punda na nyumbu baada ya kuwadunga zailazini kwanza. Waligundua kwamba mwili wa punda huiondoa ketamini haraka kuliko mwili wa farasi. Maana yake kwa mtu aliyeshika kisu ni kwamba muda alioutegemea haupo. Punda anayehasiwa kwa hesabu ya farasi huanza kuzinduka kazi ikiwa katikati.

Wengi waliowahi kushika kamba siku ya kuhasi punda wameliona hili, wakalieleza kwa ukaidi wa punda. Si ukaidi. Ni ini lake linalofanya kazi upesi. Daktari anayelijua jambo hilo hupanga dozi ya nyongeza mapema, na haanzi kukata kabla hajaivuta tayari kwenye sindano.

Ketamini yenyewe ina tabia zake. Mnyama hulala macho yakiwa wazi na misuli imekakamaa, na wenye mnyama hushtuka wakidhani amekufa au yuko macho anateseka. Macho hayo yafunikwe kitambaa safi chenye unyevu ili yasikaushwe na upepo na vumbi. Kwa punda ketamini haipewi peke yake. Ni lazima atulizwe kwanza na kutulia huko kuonekane, vinginevyo huamka kwa fujo na kujivunja. Na punda aliyetishwa kwa kelele, mijeledi na watoto wanaopiga miluzi hatulii kwa dozi ya kawaida, kwa kuwa hofu iliyomo damuni hushindana na dawa. Dakika 20 za kimya kabla ya sindano hupunguza dawa inayohitajika. Zaidi ya hayo, punda huficha maumivu. Kusimama kwake kimya baada ya upasuaji kusichukuliwe kuwa nafuu; anayekataa kula na kuning'iniza masikio anaumwa.

Mililita moja ya ganzi

Kati ya dawa zote zilizotajwa, ganzi ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Ndama wanahasiwa kwa koleo na wanambuzi wanachomwa vichipukizi vya pembe bila chochote, kwa hoja kwamba ni jambo la dakika moja. Vipimo vya kemikali za taharuki katika damu vya ndama waliohasiwa, katika nchi nyingi, vinaonyesha kwamba mwili huendelea kuumia kwa saa nyingi baada ya dakika hiyo, na kwamba waliopewa ganzi huumia kidogo kuliko wasiopewa. Hoja ya dakika moja haina msingi tena.

Hata hivyo ganzi nayo huua, na wanaokufa zaidi ni wadogo. Hesabu yake ni fupi. Kiasi salama cha lignokaini kwa mbuzi ni karibu miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Chupa ya kawaida ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Mwanambuzi wa kilo 4, basi, mwisho wake ni miligramu 20, yaani mililita moja kwa kichwa kizima, pembe zote mbili. Mililita moja ni kidogo sana machoni. Mkono uliozoea ng'ombe huona haitoshi na huongeza. Mwanambuzi hutetemeka, huanguka, hupata degedege, na moyo husimama. Daktari mwangalifu huizimua lignokaini kwa maji safi ya sindano ili apate ujazo wa kutosha kuzungushia pembe bila kuongeza dawa. Na humpima mwanambuzi uzito. Mizani ya kuning'iniza inayopimia nafaka sokoni inatosha.

Mfano wa baharini

Kwa anayetaka kuona umbali ambao tofauti za miili zinaweza kufika, Watamu iko karibu. Kituo cha Local Ocean Conservation, kilichoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hupokea kasa walionaswa na nyavu au walio wagonjwa na kuwatibu kabla ya kuwarudisha baharini. Kasa ni mgumu wa kulazwa. Huzuia pumzi kwa muda mrefu, kwa hivyo nusukaputi ya kuvutwa puani haimwingii kwa urahisi. Joto la mwili wake hufuata la mazingira, na mwili uliopoa huiondoa dawa polepole mno. Mbwa huamka kwa dakika. Kasa anaweza kuchukua saa nyingi, akihitaji kupuliziwa hewa muda wote huo. Akishaamka bado harudishwi majini mara moja, kwa kuwa kasa mwenye usingizi hushindwa kuinua kichwa na huzama kama mtu. Mvuvi anayemkuta kasa amelegea kwenye wavu apate faida ya ujuzi huu: amweke kivulini, kwa kitambaa chenye maji, apige simu, asimtupe baharini akidhani maji yatamzindua.

Baada ya kuamka

Juni na Julai 2018, faru weusi 11 walihamishwa kutoka hifadhi za taifa za Nairobi na Ziwa Nakuru hadi hifadhi ya faru ndani ya Tsavo Mashariki. Walilazwa, wakapakiwa, wakasafirishwa, wakaamka. Kisha 10 wakafa, na wa 11 akauawa baada ya kushambuliwa na simba. Uchunguzi ulionyesha kwamba tatizo kuu lilikuwa maji: maji ya visima vya huko yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea, na kadiri walivyokunywa ndivyo kiu na msongo wa mwili ulivyozidi. Dawa ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni ulinzi wa siku zilizofuata.

Mkasa huo unagusa Pwani moja kwa moja, maana visima vingi hapa vina maji ya chumvi. Mnyama aliyeamka kutoka nusukaputi ana upungufu wa maji na figo zilizochoka. Apewe maji matamu kadiri yanavyopatikana, kidogo kidogo, na hilo ni baada tu ya kusimama imara na kumeza mate yake vizuri. Chakula kifuate baadaye. Asiachwe peke yake malishoni siku hiyo, na mbuzi mwenye usingizi asichanganywe na kundi litakalomkanyaga. Pumzi zihesabiwe kila baada ya dakika chache mpaka asimame. Zikipungua na ufizi ukawa wa buluu au mweupe kama karatasi, daktari aitwe hapohapo.

Dawa hizi na watu

Mwenye ng'ombe wa maziwa amuulize daktari muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa au nyama, naye daktari ausome kwenye lebo ya chupa aliyoitumia, kwa kuwa hutofautiana kati ya dawa na dawa. Mnyama aliyekufa chini ya nusukaputi haliwi. Hili ni gumu kusema mbele ya familia iliyopoteza mali, lakini nyama hiyo ina dawa yote iliyodungwa muda mfupi kabla. Aliyeuawa kwa huruma kwa pentobabitali ni hatari zaidi: dawa hiyo hubaki katika mzoga kwa muda mrefu, na mbwa, fisi au tai anayeula hulala asiamke. Azikwe shimo refu au achomwe kabisa siku hiyohiyo.

Wakazi wa upande wa Chakama na lango la Sala, wanaoishi jirani na ndovu, wajue kwamba sindano ya kurushwa iliyoanguka porini haiokotwi. Tone la etorfini likiingia kwenye mchubuko au jichoni linaweza kusimamisha pumzi ya mtu mzima. Madaktari wenyewe hawaishiki bila mwenzao aliye karibu na dawa ya kuipindua mkononi. Watoto waambiwe, mahali pawekewe alama, na KWS waarifiwe.

Na liko lililo karibu zaidi na mji. Marekani, zailazini imeingia mitaani ikichanganywa na dawa za kulevya. Mwaka 2023 serikali ya huko ilitangaza mchanganyiko wake na fentanili kuwa tishio jipya kwa taifa. Watumiaji hupata vidonda vibaya visivyopona, na naloksoni, inayomzindua aliyezidiwa na heroini, haina uwezo juu ya zailazini. Malindi, mji ambao umekuwa ukipambana na heroini kwa miaka mingi na ambao hospitali yake hutoa methadoni, hauwezi kuichukulia chupa ya daktari wa mifugo kama chupa ya dawa ya minyoo. Ihifadhiwe chini ya kufuli, na chupa tupu zisitupwe jalalani.

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, wanaotoa huduma hizi husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo huhesabu kuwa kosa upasuaji unaofanywa bila uangalifu na utu. Mkazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa cheti kabla ya kumshika mnyama wake kamba, na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo inaweza kumthibitishia kama mhusika amesajiliwa.

Anayekuja afike akute mnyama hajala, mwenyewe anakumbuka siku ya josho na dawa iliyotumika, anajua kama kuna mimba, na yupo wa kukaa na mnyama mpaka jioni. Kazi ikiisha, aombwe aandike kwenye daftari jina la dawa, kiasi, saa na uzito aliokadiria. Mnyama akizidiwa usiku na akaitwa daktari mwingine, mistari hiyo minne ndiyo itakayomwambia kama ni dawa ya kupindua inayohitajika, na ipi.